Kupanga na kuendesha laini ya sembe: kiwanda cha tani sita kwa zamu

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutoka kwenye mashine ya mtaani, ile wateja wanakuja na ndoo zao, aanzishe kiwanda kinachofungasha sembe kwa jina lake. Mfano tunaoutumia ni kiwanda cha tani 6 za sembe kwa zamu moja ya saa 8. Hesabu zake zinafaa kwa tani 3 au tani 20 vilevile. Badilisha namba tu.

Viwanda vingi vya ukubwa huu vina mashine nzuri zisizoendana. Kinu kinasaga tani mbili kwa saa, kikoboleo kinatoa kilo mia sita, na mezani kwa wafungashaji unga umerundikana kwa sababu mzani ni mmoja. Mwenye kiwanda amelipia tani mbili, anauza kilo mia sita. Kwa hiyo hesabu zinatangulia, dukani unakwenda baadaye.

Hatua ya 1: Anza na unga unaotoka

Zamu ya saa 8 ni dakika 480. Toa dakika 45 za chakula na chai, toa dakika 45 za kuwasha, kuzima na kusafisha. Zinabaki dakika 390, yaani saa 6 na nusu. Hizo ndizo dakika za kufanyia kazi. Anayegawanya tani zake kwa saa 8 kamili amejidanganya kabla ya kuanza.

Kilo 6,000 gawanya kwa saa 6.5 unapata kilo 923 za sembe kwa saa.

Sasa rudi nyuma hadi kwenye mahindi. Kwa laini (mfululizo wa mashine) ya kukoboa na kusaga kwa nyundo, chukua makadirio haya kwa kila kilo 100 za mahindi yanayoingia:

- taka, mawe, vumbi na punje mbovu: kilo 2
- maji yanayoongezwa kabla ya kukoboa: kilo 2
- pumba na viini vinavyotoka kwenye kikoboleo: kilo 25.5
- unyevu na vumbi vinavyopotea wakati wa kusaga: kilo 2.5
- sembe: kilo 72

Ukiingiza kilo 100, ukatoa 2 za taka na kuongeza 2 za maji, kikoboleo kinapokea kilo 100 zilezile. Kinatoa pumba 25.5, kinu kinapokea 74.5, mwishoni unapata 72. Kwa hiyo sembe kilo 923 kwa saa inadai mahindi kilo 1,282 kwa saa, na kinu kitapokea kilo 955. Pumba zitatoka kilo 327 kila saa, ambazo ni zaidi ya tani mbili kwa zamu. Usipozipangia mahali pa kwenda, saa sita mchana zitakuwa zimefunga mlango.

Asilimia 72 si sheria. Mahindi membamba yenye ganda nene yatakupa 68, na mahindi manene yaliyokauka vizuri yanaweza kufika 75. Pima ya kwako kwa mzani, usihesabu magunia: gunia la lumbesa halijawahi kuwa kipimo cha chochote.

Hatua ya 2: Chagua mwenyewe mashine itakayobana

Kila laini ina mashine moja inayoamua kasi ya zote. Usipoichagua, itajichagua, na mara nyingi itakuwa mahali pabaya. Kwa sembe, chagua kikoboleo. Sababu ni mbili. Kwanza, weupe wa unga unaamuliwa pale: ukikilazimisha kwenda haraka, ganda linabaki kwenye punje na unga unatoka na madoa ya kahawia. Pili, kinu hakiaminiki kukaa na kasi ile ile zamu nzima, maana nyundo zinaisha taratibu na uwezo unashuka nazo.

Kwa hiyo kikoboleo kiwe na uwezo halisi wa kilo 1,300 hadi 1,350 za mahindi kwa saa. Mashine ya kusafisha iliyo mbele yake iwe na ziada ya asilimia 20 hivi, ili kikoboleo kisikose chakula. Kinu kilicho nyuma yake kiwe na ziada ya asilimia 20 hadi 25 kikiwa na nyundo mpya: kilo 955 mara 1.2 ni kama kilo 1,150 kwa saa. Ufungashaji nao uwe na ziada isiyopungua asilimia 20.

Neno "halisi" lina uzito wake. Uwezo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine mara nyingi ni wa mahindi makavu sana na chekeche la matundu makubwa, pengine ya chakula cha kuku. Muuzaji akisema tani moja kwa saa, muulize: kwa chekeche la milimita ngapi? Kisha mpelekee magunia yako matano, tia chekeche la milimita 0.8 au 1.0 unalotaka kutumia, pima kwa saa na mzani. Asiyekubali jaribio hilo ameshajibu swali.

Ukipewa kinu bila puli, hesabu mzunguko kabla ya kufunga mkanda. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika yenye puli ya milimita 300, ikivuta puli ya milimita 150 kwenye kinu, inazungusha rota (mhimili unaobeba nyundo) kwa 2,900. Rota yenye kipenyo cha milimita 600 kwa mwendo huo inaipa ncha ya nyundo kasi ya mita 91 kwa sekunde, ambayo inafaa kwa unga laini. Fundi akikuwekea kwenye kinu puli ya milimita 200 kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, rota inashuka hadi 2,175 na ncha ya nyundo hadi mita 68. Kinu kitazunguka, kitapiga kelele ile ile, lakini unga utapungua na utakuwa na chenga. Kuzidisha nako ni hatari: usivuke mzunguko wa juu alioandika mtengenezaji, rota inaweza kupasuka.

Hatua ya 3: Mapipa ya katikati

Mashine zilizounganishwa moja kwa moja husimama pamoja. Ukibadilisha chekeche la kinu kwa dakika 12, na kikoboleo kimesimama dakika 12. Pipa la akiba katikati ndilo linalokinunulia kikoboleo muda.

Kati ya kikoboleo na kinu weka akiba ya dakika 15: kilo 955 mara robo saa ni kilo 240 hivi. Mahindi yaliyokobolewa yana uzito wa karibu kilo 650 hadi 700 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo unahitaji nafasi ya mita za ujazo 0.35, tengeneza 0.5 ili pipa lisifurike. Pipa hilo katika hali ya kawaida lisizidi nusu. Likiwa limejaa kutwa, kinu ndicho kinachobana. Likiwa tupu wakati huohuo hopa (chombo cha kulishia) ya kikoboleo imejaa, mambo yako kama yalivyopangwa.

Pipa la kulowesha ni hesabu nyingine. Maji ya asilimia 2 hadi 3 yananyunyizwa kwenye mahindi, kisha yanakaa dakika 15 hadi 20 kabla ya kukobolewa. Lengo ni ganda lilegee na kuwa gumu kuvunjika huku moyo wa punje ukibaki mkavu. Kwa kilo 1,282 kwa saa na dakika 20, pipani kutakuwa na kilo 427 wakati wowote. Mahindi yana kilo 720 kwa mita ya ujazo, hivyo mita 0.6 zinatosha, jenga 0.9. Wengi huona kulowesha saa mbili ni bora zaidi. Maji yanafika moyoni, unga unatoka na unyevu, matundu ya chekeche yanaziba, na baada ya wiki chache dukani unga unanuka.

Chini ya kila pipa, mteremko wa kuta ni muhimu kuliko ukubwa. Mahindi yanateremka kwenye nyuzi 45. Unga unataka nyuzi 60 au zaidi na mdomo mpana, la sivyo unajishika na kufanya daraja. Watu wataanza kulipiga pipa kwa rungu, na ukiona mabonde kwenye bati ujue mteremko ulikosewa.

Hatua ya 4: Sakafu

Chora njia ya mahindi kwenye karatasi kwa mshale mmoja, kutoka lango la kupokelea hadi lango la kupakia. Mshale ukijikata, panga upya. Umbo la U linafaa kwenye jengo lenye mlango mmoja wa gari, mradi mahindi machafu na unga uliofungwa visipitie njia moja.

Sehemu ya kusafisha na kukoboa itenganishwe kwa ukuta na sehemu ya kufungasha. Vumbi la mahindi yasiyosafishwa lina ukungu na mayai ya wadudu, na likitua kwenye unga umemaliza kazi yote ya kusafisha bure. Pumba zipulizwe kwa bomba hadi chumba cha nje. Kila mashine izungukwe na mita moja ya wazi, hasa upande unaofunguliwa kutolea chekeche. Magunia yakae juu ya paleti, nusu mita kutoka ukutani, ili mtu apite kukagua panya na unyevu.

Sumaku ni mbili: moja kabla ya kinu kukamata misumari na nati zinazokuja na magunia, nyingine baada ya kinu kukamata chembe za chuma kutoka kwenye nyundo zenyewe. Hiyo ya pili ndiyo husahaulika, ilhali ndiyo inayomlinda mlaji. Zifutwe kila saa na kilichopatikana kiandikwe. Chuma kikiongezeka ghafla, fungua kinu.

Vumbi la unga likiwa hewani huweza kulipuka. Marufuku sigara na kuchomelea mashine zikiwa kazini, na fagia juu ya boriti na nyaya kila wiki badala ya kupuliza kwa kompresa.

Hatua ya 5: Umeme

Jumlisha mota zote. Kwa mfano wetu: kusafisha kilowati 2.2, lifti nne za ndoo 4.4, kikoboleo 22, kinu 37, feni 5.5, chekecheo la unga 1.5, cherehani na taa 1.4. Jumla 74. Hazifanyi kazi zote kwa nguvu kamili, hivyo chukua asilimia 80, yaani kama 59, kisha gawanya kwa 0.85 upate kVA 70. Hiyo ndiyo namba ya kupeleka TANESCO unapoomba laini ya fezi tatu, na jenereta iwe karibu kVA 100, maana kuwasha kinu kunavuta umeme mwingi kwa sekunde chache.

Mota za kikoboleo na kinu ziwashwe kwa kiwashio cha nyota-delta, kinachoipa mota umeme mdogo kwanza kisha kamili. Zikiwashwa moja kwa moja huvuta mara 5 hadi 7 ya umeme wake wa kawaida. Taa za jirani zinazima na fyuzi zinakatika. Weka kinga ya fezi kupotea kwenye kila mota kubwa. Mota ikibaki na fezi mbili huungua ndani ya dakika chache, na kuisuka upya kunagharimu mara nyingi kuliko kifaa hicho. Baada ya mafundi wa umeme kugusa nguzo au transfoma, washa kila mota peke yake utazame upande inakozunguka: fezi mbili zikibadilishana nafasi, feni huzunguka kinyume na unga hauendi popote.

Unganisha viwashio ili kinu kikisimama, kilisho kinachokipelekea mahindi kisimame chenyewe. Bila hivyo, kinu kinajaa hadi shingoni na kitafunguliwa kwa mikono.

Hatua ya 6: Ufungashaji kwa sekunde

Hapa ndipo laini nyingi hufia. Sembe kilo 923 kwa saa ni mifuko 37 ya kilo 25, au 92 ya kilo 10, au 185 ya kilo 5. Kwa maneno mengine, mfuko mmoja kila sekunde 97, au 39, au 19.5. Laini ile ile, unga ule ule, lakini kazi ya mikono imeongezeka karibu mara tano.

Chukua saa ya simu, pima mifuko 20. Tuseme mfuko wa kilo 5 unachukua sekunde 4 kufungua, 10 kujaza, 9 kusahihisha uzito, 8 kushona, 5 kupanga. Jumla 36. Gawanya kwa 19.5: unahitaji watu 1.85. Ukiweka wawili, kila mmoja amebanwa kwa asilimia 92 ya muda wake, na uzi ukikatika tu unga unafurika. Weka watatu: mmoja anajaza, mmoja anasahihisha, mmoja anashona na kupanga. Siku ya mifuko ya kilo 25, mmoja wao akafagie au apange ghala. Ndiyo maana oda za kilo 5 na za kilo 25 zisichanganywe ovyo ndani ya zamu moja.

Uzito usiukadirie. Lenga kilo 5.02 kwa mfuko wa kilo 5, kila nusu saa pima mifuko mitano iliyokwisha kushonwa. Gramu 20 za ziada kwa mifuko 1,200 ni kilo 24 kwa zamu; ukizembea zikawa gramu 80, umegawa kilo 96 bure kila siku. Upande mwingine wa kosa, mfuko ukipungua uzito, ni Wakala wa Vipimo, ofisi ya serikali inayokagua mizani. Mzani uangaliwe kila asubuhi kwa jiwe la kilo 5 lililohakikiwa.

Unga usifungwe ukiwa wa moto. Mvuke unageuka maji ndani ya mfuko usiku, asubuhi kuna mabonge. Ukiweka mkono na kuhisi joto, rudi kwenye kinu: nyundo zimekuwa butu, au mfuko wa kuchujia hewa umeziba.

Hatua ya 7: Virutubishi

Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula mwaka 2011, Kenya ikafanya hivyo kuwa lazima mwaka 2012. Kiwanda kinachofungasha na kuuza kinahitaji dozari: hopa ndogo yenye skrubu inayodondosha mchanganyiko wa madini na vitamini kwenye unga unaopita. Dozari iwe mahali ambapo unga utaendelea kuchanganyika kwa mita mbili au tatu baadaye. Ukiiweka mdomoni pa mfuko, mfuko mmoja utapata vyote na wa pili utakosa.

Kuisawazisha ni rahisi. Soma kipimo kwenye lebo ya mchanganyiko. Kikiwa gramu 500 kwa tani, basi kilo 923 kwa saa zinataka gramu 461.5 kwa saa, yaani gramu 7.7 kwa dakika. Kinga kikombe kwa dakika mbili, pima kwa mzani mdogo, rudia mara tatu. Wastani uwe karibu na 15.4. Fanya hivyo kila zamu inapoanza. Mwisho wa siku gawanya mchanganyiko uliotumika kwa tani zilizotoka. Namba ikiwa chini ya lebo, kuna wakati skrubu ilizunguka hopa ikiwa tupu. Dozari nayo iungwe na kinu, vikisimama visimame pamoja.

Hatua ya 8: Jaribio kabla ya kuuza

Kila mashine izunguke tupu saa mbili, ukishika nyumba za beringi kwa mkono kila robo saa. Kisha lisha robo, nusu, robo tatu, na mwisho kamili. Laini ikitulia, fanya jaribio la nusu saa: pima mahindi yanayoingia, pima kila kinachotoka, yaani taka, pumba, sembe, na vumbi la kwenye mifuko ya hewa. Ongeza maji uliyonyunyiza. Vilivyoingia na vilivyotoka visipishane zaidi ya asilimia 2 baada ya kutoa unyevu uliopotea. Vikipishana zaidi kuna mahali unga unavujia, na mara nyingi ni mdomo wa chini wa saikloni (chombo kinachotenganisha unga na hewa).

Saikloni isipozibwa vizuri chini hunyonya hewa badala ya kudondosha unga, na unga unapanda juu kwenda nje. Ukiona paa la kiwanda jeupe, hiyo ni pesa yako.

Hatua ya 9: Siku ya kawaida

Kazi huanzia getini. Mahindi yapimwe unyevu: kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 kwa punje, na unga usizidi 14. Sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu) jumla isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na aina ya B1 isizidi 5. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa, kwa hiyo hapa hakuna kubahatisha. Kwa lori la magunia 300, chukua kipeuo cha pili, magunia 18, uyachome bambo (chuma cha kuchukulia sampuli) juu, kati na chini. Changanya sampuli zote, saga, changanya tena, ndipo upime kwa vijiti vya kupimia haraka. Sumukuvu hukaa kwenye punje chache sana. Gunia moja likipimwa safi halisemi chochote kuhusu mengine. Na kumbuka kukoboa kunahamishia sehemu kubwa ya sumu kwenye pumba, nazo zinakwenda kwa ng'ombe wa maziwa.

Laini huwashwa kuanzia mwisho kuja mwanzo: chekecheo la unga, feni, kinu, kikoboleo, lifti, kusafisha. Acha sekunde 15 kati ya mota na mota. Kuzima ni kinyume: kusafisha kwanza, kisha subiri kila mashine imalize iliyo nayo. Anayezima swichi kuu wakati laini imejaa ataanza kesho kwa kufungua kinu.

Msimamizi wa kinu alishe kwa kutazama ampea. Mota ya kilowati 37 ikiandikwa ampea 67, ifanye kazi kati ya 57 na 60. Chini ya hapo umeme unapotea. Juu ya hapo punje kubwa ikiingia mota inazidiwa. Kwenye kikoboleo, kila nusu saa chota konzi, hesabu punje 100. Zenye ganda zikizidi kiwango ulichoweka, tuseme 5, bana kidogo mlango wa kutokea ili punje zikae ndani zaidi. Chenga zikiwa nyingi, ulegeze. Gusa kidogo kisha subiri dakika tano. Fundi anayezungusha kila dakika hajui tena marekebisho yapi yalifanya nini.

Kila kusimama kuandikwe ubaoni: saa, dakika, mashine, sababu. Kusimama kwa dakika mbili nako kuandikwe, maana ndiko hujirudia mara kumi. Kila bechi ipewe namba yenye tarehe na zamu, mifuko ipigwe muhuri huo, na nusu kilo ya unga ihifadhiwe hadi muda wa matumizi upite. Mara mbili kwa mwaka chagua bechi moja na ujaribu kutaja ndani ya saa mbili ilitoka mahindi ya nani na ilikwenda maduka gani.

Hatua ya 10: Matengenezo

Kabla ya mkono kuingia kwenye mashine yoyote, swichi ifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa aliyeingia. Kibandiko cha "usiwashe" peke yake hakitoshi.

Nyundo yenye matundu mawili ina pembe nne za kutumia. Igeuze kabla pembe haijawa duara, na siku ya kubadilisha, badilisha seti nzima. Zinazokaa mkabala kwenye rota zilingane uzito, tofauti isizidi gramu 5 hivi. Ukibadilisha tatu tu zilizovunjika, rota inayumba, beringi zinakufa ndani ya wiki, kisha utamlaumu muuza beringi. Chekeche nalo ligeuzwe upande: matundu huisha ukingo mmoja kwanza.

Mikanda ya kinu inunuliwe kwa seti. Mmoja mpya ukiwekwa pamoja na mitatu ya zamani utabeba mzigo wa yote. Mkazo: bonyeza katikati ya mkanda, ushuke milimita 16 hivi kwa kila mita kati ya puli na puli. Grisi iwe ya kiasi, maana beringi iliyoshindiliwa huchemka kama ile iliyokauka.

Soma mita ya umeme kila zamu na ugawanye uniti kwa tani za sembe. Ukianza na uniti 60 kwa tani nyundo zikiwa mpya, na wiki ya tatu ukasoma 72 kwa mahindi yaleyale, huhitaji kufungua kinu ili kujua hali ya nyundo.

Usafi wa eneo uendeshwe kwa zile S tano ambazo wengi wamezizoea hospitalini: sasambua (toa usichohitaji), seti (panga mahali pake), safisha, sanifisha (weka utaratibu mmoja), shikilia (usiache). Anza na kabati la spana. Fundi anayetafuta spana namba 17 kwa dakika tisa anasimamisha laini kwa dakika tisa.

Hatua ya 11: Hesabu ya jioni

Chukua siku moja ya mfano. Dakika zilizopangwa 390, kusimama dakika 60, laini ikaenda 330. Hiyo ni asilimia 84.6 ya muda. Kwa dakika 330 ulipaswa kutoa kilo 5,077. Umetoa 4,600, asilimia 90.6 ya kasi. Kati ya hizo, kilo 100 zilikuwa na madoa zikarudishwa, kwa hiyo nzuri ni 4,500, asilimia 97.8. Zidisha zote tatu unapata asilimia 75, ambayo ni sawa na 4,500 juu ya 6,000.

Faida ya kuzitenganisha ni kuona kilo 1,500 zilikokwenda: 923 kwa kusimama, 477 kwa kwenda polepole, 100 kwa ubovu. Wenye viwanda wengi hukimbilia kugombana kuhusu zile 100 kwa sababu zinaonekana kwa macho. Zile 923 ziko kwenye ubao wa kusimama. Jumlisha dakika kwa sababu, panga kutoka kubwa kwenda ndogo, shughulikia ya kwanza peke yake hadi iishe.

Stoo ifuate hesabu hiyo hiyo. Kiwanda kamili kinakula mahindi kilo 8,333 na mifuko 1,200 ya kilo 5 kwa siku. Mifuko ikichukua siku 10 kufika na ukijiwekea siku 4 za tahadhari, agiza ikibaki 16,800. Mahindi ni ya msimu: siku 26 za kazi zinataka tani 217 kwa mwezi, na anayenunua gunia kwa gunia mwezi Januari ananunua kwa bei ya Januari.

Ukifika siku ambayo oda zimezidi uwezo, usikimbilie kununua kikoboleo cha pili. Pitia mapipa kwa wiki moja, ukiandika kila saa lipi limejaa na lipi ni tupu. Pipa la kabla ya kikoboleo likiwa limejaa na la baada yake likiwa tupu, ni kweli kikoboleo ndicho kinabana. Hata hapo, kwanza kiendeshe wakati wa chakula kwa watu kupokezana. Dakika 30 za ziada kwa siku ni kilo 460 za sembe bila kununua chochote. Pipa la kabla ya kinu likiwa limejaa, badilisha nyundo kwanza. Unga ukiwa umerundikana mezani, unahitaji mzani wa pili na mtu mmoja, gharama ambayo hailingani kabisa na ya mota mpya.